Jinsi ya Kuchora Mazuku

Hongera zenu. Mmepakua programu ya bure, mmetazama video ya mtu anayeongea kama anafukuzwa, mmebonyeza mahali, cheche zimeruka kwenye kioo, na kabla chai haijapoa mmeshajitangaza mtandaoni kuwa ni mabingwa wa katuni za pande tatu. Mimi kufika hapo kulinigharimu miaka mingi na mgongo. Basi nivumilieni kidogo, mabingwa, niseme langu kabla hamjaenda kupokea tuzo.

Nimestaafu. Hakuna aliyenifanyia sherehe. Macho yalianza kuona cheche hata nikiwa jikoni napepeta maharage, daktari akaniambia niachane na kompyuta, nikaachana nayo. Sasa niko Rugerero, nje kidogo ya Gisenyi, nalima, na mara kwa mara mmoja wenu ananishukia na pikipiki kutoka mjini, kabeba kompyuta mgongoni, anionyeshe moto wake unaowaka kwenda chini. Anauliza tatizo liko wapi. Tatizo limekaa kwenye kiti, mwanangu. Lakini sawa, kunywa maji kwanza.

Tuanze na chembe yenyewe. Watu wakiona moshi ndani ya katuni wanadhani kuna mtu alikaa akauchora. Hakuna mtu huyo, na kama yupo mwombeeni. Kuna kitu tu kinachotema chembe hizo, punje ndogondogo, sisi tulikiita mdomo, na kila punje inapoondoka mdomoni inapewa maagizo machache: uishi muda gani, uelekee wapi, upande au ushuke, ukikaribia kufa ufifie namna gani. Basi. Punje ukiziambia zipande taratibu huku zikinenepa, huo ni moshi. Ukiziambia zishuke na zisijadiliane, hiyo ni mvua. Ukishaelewa hapo umemaliza nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ni kugombana na mteja.

Studio yetu ilikuwa Mbugangari, mjini Gisenyi, juu ya duka la magodoro. Nasema studio kwa heshima tu. Kilikuwa chumba chenye kompyuta mbili na feni moja, na feni ilielekezwa kwenye kompyuta, kwa sababu sisi wanadamu tulionekana tunaweza kuvumilia. Mwenye mali tulimwita Patron. Mzaliwa wa hapahapa Gisenyi, na Kiswahili chake kilikuwa cha hapahapa, na Kifaransa kimetupiwa juu kama chumvi. Mimi nimekulia Karagwe, upande wa Tanzania, na nilipofika na "naomba" zangu na "tafadhali" zangu, Patron alicheka mpaka akashika ukuta.

"Maman Odette, we unaongeaka kama redio," aliniambia. "Bon, kaa. Lakini hapa hakuna tafadhali. Hapa iko arusi."

Ndiyo, harusi. Msidhani tulikuwa tunatengeneza madude ya angani yanayopigana. Tulitengeneza utangulizi wa video za harusi: majina ya maharusi yanazunguka, maua yanadondoka, njiwa wanapita. Siku yangu ya kwanza niliweka maua ya waridi yamwagikie bwana harusi kutoka juu. Yalimwagika vizuri, yakaingia utosini, yakatokea kidevuni. Sikuwa najua kwamba punje haina adabu ya kuzaliwa nayo. Usipoiambia kwamba kile pale ni kichwa, inapita. Wakwe waliitazama video ile wakauliza kama binti yao ameolewa na mzimu. Kwa hiyo mkiweka mvua, iambieni mvua kwamba kuna bati. Sitarudia.

Halafu njiwa. Mwaweza kubadilisha kila punje iwe kitu chochote: jani, samaki, njiwa. Raha tupu, sivyo? Mimi nikaweka njiwa kundi zima, wakaruka juu ya ziwa kinyumenyume, matako mbele, kwa madaha kabisa. Kila kitu kina upande wake wa mbele, na kompyuta haiujui kama hujauonyesha. Mchungaji aliyefungisha ndoa ile alisema ni njiwa wanaokumbuka walikotoka. Mungu ambariki, aliniokoa na mama wa bibi harusi.

Patron kwenye kompyuta alikuwa hajui kitu. Kubofya alibofya kwa kidole kimoja, kama mtu anayeua siafu. Ila ndiye aliyenifundisha kuona. Nilipokuwa nikihangaika na moshi wangu unaopanda wima kama nguzo ya umeme, alinishika mkono akanishusha ngazi hadi kwa mama aliyekuwa anachoma mahindi kando ya duka.

"Angalia hapa. Ile kompyuta iache kwanza, haikimbie," akasema. "Moshi ikitoka iko na haraka. Unaona? Kisha inachoka. Kisha inatafuta njia. Moshi iko kama mutu anatoka kwa kazi."

Nikasimama pale nikitazama moshi hadi mama wa mahindi akaniuliza kama nitanunua au namroga. Niliporudi juu niliipa punje kasi mwanzoni, nikaipunguza, nikaongeza upepo kidogo usio na mpango, na kwa mara ya kwanza nikapata moshi unaokohoza. Basi nyie mnaokaa ndani mapazia yamefungwa mkitazama moshi wa mtu mwingine kwenye simu, tokeni nje. Kuna jiko kila kona ya mji huu.

Sasa niwaambie habari ya Bahati, maana bila yeye mimi nisingekuwa na la kusimulia zaidi ya njiwa.

Bahati alikuwa mwenzangu kazini, mtu mzima, ana mke na watoto Goma, ng'ambo ya mpaka. Kila asubuhi alivuka kwa miguu pamoja na wamama wa nyanya na vitunguu, jioni akarudi kwake. Kwenye chembe alinizidi mimi, na nasema hivyo kwa shingo upande. Ni yeye aliyetutengenezea ukungu wa maharusi. Miaka ile kila mwenye harusi alitaka ile mashine ya kumwaga ukungu mweupe sakafuni, maharusi wacheze kama wako mawinguni. Asiyekuwa na mashine alikuja kwetu, tunamwekea ukungu baadaye kwenye kompyuta. Mweupe, unatambaa, unaishia magotini, haupandi hata ukiubembeleza. Bahati aliuhifadhi kwenye kompyuta kwa jina la Arusi Safi, na tukawa tunaumwaga kila mahali. Nadhani nusu ya ndoa za wilaya hii zimeanzia ndani ya ukungu wa Bahati.

Siku moja akaja Madame. Alikuwa anafanya kazi kwenye shirika moja, sina haja ya kulitaja, na alitaka filamu fupi ya katuni kuhusu mazuku. Itaonyeshwa makanisani, shuleni, sokoni, upande ule na upande huu.

Nyinyi wa huku mnayajua mazuku, lakini pengine ananisoma mtu wa mbali. Ardhi yetu hii imekaa juu ya moto wa mlima. Kuna mahali inatoa hewa nzito, haina rangi, haina harufu, nzito kuliko hewa tunayovuta. Kwa uzito wake haipandi. Inatambaa na kujikusanya mabondeni na mashimoni, hasa asubuhi kabla jua na upepo havijaitawanya. Ukisimama kando ya shimo, unaona nyasi tu. Mbuzi akishuka, analala, haamki. Mtoto akishuka, au mtu mzima akiinama kuokota kitu, ni yaleyale. Hayo ndiyo mazuku.

Patron alikuwa anafungua mdomo kuuliza mambo ya mkataba, Bahati akamkata kauli. "Tunafanya," akasema. "Madame, tunafanya."

Sababu ilikuwa mama yake.

Mama Bahati aliishi nje ya Goma, kwenye mawe meusi yaliyotapikwa na mlima, na nyuma ya nyumba yake kulikuwa na shimo pana lenye nyasi nzuri kuliko zote za mtaa. Nzuri kwa nini? Kwa sababu hakuna mtu mwenye akili aliyepeleka mifugo pale. Yeye alipeleka. Mbuzi akilala humo, anashuka kumvuta, maana nyama haitupwi. Mara ngapi? Bahati alikuwa ameshaacha kuuliza. Kila akishuka alirudi na kichwa kinamgonga na miguu inatetemeka, na kila mara alisema amechoka tu, ni uzee. Kwake mazuku yalikuwa ya watu wenye roho mbaya, na yeye roho yake ilikuwa safi, ushahidi ni kwamba yuko hai.

Bahati alijaribu yote. Alimsihi, akamfokea, akampelekea mzee wa kanisa. Akazungushia shimo miiba. Mama akaishukuru sana ile miiba, ilikuwa mikavu, ikapikia maharage vizuri.

"Mi ananiona mutoto," Bahati aliniambia. "Kitu nasema mi, haiingiake. Lakini kitu ikipita ku televizio, hiyo njo kweli. Akionaka mutu analia mu filme, analia naye. Maman Odette, hii filme batu bengine bataiona ku kanisa. Mi naifanya juu ya mutu mumoja."

Kwa hiyo mnaelewa ilivyokuwa. Wengine walikuwa wanatengeneza tangazo, yeye alikuwa anajaribu kumtoa mama yake shimoni kabla hajabaki humo.

Sasa, mabingwa, mngeanza wapi? Hewa nzito, inatambaa, haipandi juu ya magoti. Msijifanye mnafikiri. Mngefanya tulichofanya sisi. Bahati alifungua Arusi Safi, akaumwaga bondeni, akamaliza kabla ya mchana. Kwa hesabu za uzito ulikuwa sahihi kabisa. Ulitambaa, ukajaa kwenye shimo, ukakaa. Tulijipongeza. Patron alileta soda.

Tukasema tukaujaribu kwa mama mwenyewe. Tulivuka mchana, tukampa Mama Bahati kiti, tukamwekea kompyuta juu ya stuli. Majirani na watoto wakajaa nyuma. Filamu ikaanza: bonde, nyasi, asubuhi. Ukungu mweupe ukaingia taratibu kutoka pembeni.

Mama Bahati akapiga vigelegele.

Sitanii. Aliinuka kwenye kiti akapiga vigelegele vya nguvu, majirani wakaitikia, watoto wakaanza kucheza.

"Eeh! Arusi ya nani?" akauliza. "Bibi arusi iko wapi? Bahati, mbona huniambiake kama kuna arusi?"

Mtoto mmoja alikimbia hadi kwenye kioo akijifanya anaogelea kwenye ukungu. Nikamtazama Bahati. Tulikuwa tumewazoesha watu wa miji miwili kwamba weupe unaotambaa chini ni furaha, ingia ucheze. Na sasa tulikuwa tunawaambia ni kifo kwa picha ileile. Tulirudi Gisenyi, na pale mpakani hatukujibu salamu.

Madame tulipomweleza alishika kichwa. "Basi uwe mweusi," akasema. "Upande juu, utishe. Watu waogope."

Haya. Mteja amesema. Nami nilikuwa na moshi wangu wa mama wa mahindi, nikaupaka weusi, nikaukuza, nikauweka utoke shimoni ukivimba na kujikunja. Ulikuwa moshi mzuri kuliko wote niliowahi kutengeneza, na kama ningekuwa na aibu nisingewaambia hivyo. Patron alitaka kuuweka kwenye bango la studio. Harusi na moshi wa jehanamu, wateja wangetupanga foleni.

Tukavuka tena. Safari hii Mama Bahati hakucheka. Alikunja uso, akatikisa kichwa.

"Moshi," akasema. "Mubaya."

"Njo vile, mama," Bahati akasema, nikasikia anavyopumua. "Sasa ukiona ile, unafanya nini?"

Mama akamwona mtoto wake ni mjinga kweli. Akaacha kiti, akapiga magoti, akalala kifudifudi kwenye udongo na kitenge chake safi, akaanza kutambaa.

"Unalala chini," akasema pua ikiwa ardhini. "Moshi inaendaka juu, hewa muzuri inabaki chini. Walitufundishaka siku soko iliungua. We hukufundishwake?"

Kwa moto wa soko alikuwa sahihi kabisa. Kwa mazuku, pale alipokuwa ameweka pua ndipo penyewe. Majirani waliitikia kwa vichwa, ndiyo, unalala chini. Bahati alimwinua mama yake kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akampangusa vumbi kwenye kitenge.

Hapo ndipo mlipo wengi wenu, na ndiyo maana nasimulia. Mnafikiri kazi ni kufanya moshi ufanane na moshi. Kufanana ni rahisi, siku hizi programu yenyewe inakuuliza unataka wa aina gani, kama mhudumu wa mgahawa. Swali ni mtu akiuona atafanya nini na mwili wake. Tulikuwa na moshi aina mbili, wote safi, na wote ulikuwa unampeleka mama wa mtu kaburini.

Kesho yake tuligombana. Nilimwambia Bahati tupunguze weusi, tuuweke chini, tutie rangi ya manjano.

"Manjano watasema iko vumbi," akasema.

"Kijani, basi."

"Kijani iko nyasi! Maman, ile kitu haina rangi. Haina! Kitu haionekanake, utaichora namna gani?"

Alikuwa amekasirika, anabofya huku na huku bila kuangalia. Tulikuwa tumeweka bondeni mbuzi anayeshuka, na taa ya kandili mkononi mwa mtu, na moto wa ile taa ulikuwa wa chembe, tumeziambia zikigusa hewa ile zife. Hapo msilale, hii ni muhimu. Punje za kitu kimoja mwaweza kuziambia ziue punje za kitu kingine, na kitu kinachoua si lazima kionekane. Pembeni kuna alama ya jicho. Ukilifumba, kitu kinaendelea kuwepo na kufanya kazi zake, ila hakichorwi. Bahati alitaka kutazama kwato za mbuzi, moshi ulikuwa unamziba, akafumba jicho la moshi. Akabonyeza filamu icheze.

Asubuhi safi. Nyasi zinameta. Mbuzi anashuka bondeni, anakula, ananyanyua kichwa. Anapiga goti. Anapiga la pili. Analala. Hakuna kitu pale. Nyasi na jua tu. Taa ikainama, moto ukazimika kama mtu kaupulizia.

Bahati akairudisha mwanzo, tukaitazama tena. Miaka yote ile ya cheche na maua na njiwa, na kitu cha kutisha kuliko vyote kilikuwa pale tulipoacha kuchora.

Kumwelewesha Patron ikawa kazi nyingine. "Na moshi iko wapi?" akauliza. "Batu batasema tulilala. Donc mi nitamwambia Madame nini, kama moshi iko lakini imefumba macho?"

Madame naye alipoiona alianza hivyohivyo. Wakubwa wake waliahidiwa madoido, sasa wataonyeshwa nini?

"Wataonyeshwa mbuzi," nikasema.

"Mbuzi tu?"

Bahati akasimama. "Madame, nitafutie rangi ya ile kitu. Ukinipa, mi naipaka leoleo."

Nilidhani ametuharibia kazi. Madame akaomba aone tena, halafu tena. Kisha akasema jambo ambalo sisi wawili hatukuliwaza. Akasema taa iteremke polepole. Mtu asimame ukingoni, ashike taa kifuani, inawaka. Aishushe kiunoni, inawaka. Aishushe magotini, inazimika. Aipandishe, aiwashe, aishushe tena, inazimika palepale. "Waone mahali inapoanzia," akasema. "Wajue ni chini." Ndiyo sehemu bora ya filamu ile, na ni yake, nami sikatai.

Tulivuka mara ya tatu. Mama Bahati alitazama hadi mwisho. Hakupiga vigelegele, hakulala chini.

"Tena," akasema.

Tukairudia. Taa ilipozimika magotini alishika goti lake mwenyewe.

"Ile mbuzi ni ya nani?"

"Iko ya kompyuta, mama," Bahati akasema.

"Na mwenyewe hakushukake kuikamata?"

"Hapana. Alisimama juu."

Akasonya, akamwona huyo mwenye mbuzi ni mtu wa ovyo kabisa, akainuka akaenda zake jikoni. Hatukujua kama kimeingia kitu kichwani au kimepita kama maua yangu ya waridi. Bahati alimfuata, wakaongea, akarudi akiinua mabega. Hakuna alilomwahidi.

Filamu ikaenda. Ilionyeshwa makanisani na sokoni, watu wakaiita filamu ya taa. Sisi tukarudi kwenye harusi, maana watu hawaachi kuoana kwa sababu ya ardhi. Ila Bahati alifuta Arusi Safi. Wateja walilalamika, Patron akalalamika kwa Kifaransa, yeye akawawekea cheche za dhahabu. Na kila simu yake ilipoita asubuhi niliona anavyoitazama kabla ya kuishika. Mbuzi walikuwa bado wanafungwa ukingoni mwa shimo lile. Mama alikuwa bado ni yuleyule.

Asubuhi moja Bahati alichelewa, mtu ambaye alikuwa akifika kabla Patron hajafungua mlango. Alipoingia macho yalikuwa mekundu. Hakukaa. Patron alikuwa kwenye simu na mteja, akaikata, na huyo ni mtu ambaye sijawahi kumwona akimkatia mteja.

"Mbuzi ya mama ilikufa," Bahati akasema. "Ile kubwa, ya mimba. Ilikata kamba, ikashuka ku shimo."

"Na mama?"

Alitoa simu, akapiga, akaiweka mezani na sauti kubwa. Ikaita. Ikaita. Kisha ikapasuka sauti ambayo ingeweza kusikika bila simu.

"Iko wapi ule mwanamuke wa sinema?"

"Nipo hapa, mama," nikasema. "Shikamoo."

"Usinishikamoo! Mbuzi yangu ilikuwa inaniangalia! Inapiga miguu, iko karibu, mutu angeinama kidogo angeikamata ku kamba. Na mi nikasimama juu. Nikasimama tu, kama mujinga! Nikitaka kushuka, naona ile taa yako. Nikitaka kushuka, naona taa. Magoti yangu ikakataa! Mbuzi ya mimba, ikalala mbele ya macho yangu, na mi niko juu nimesimama! We uko mutu wa namna gani, unaingia mu kichwa ya mutu unamuharibia mbuzi yake?"

Bahati alikuwa amekaa sakafuni, kichwa katikati ya magoti, mabega yanatikisika. Patron alisimama dirishani, ametupa mgongo, anajifuta uso na shati. Mimi machozi yalikuwa yananidondokea kwenye kibodi na sikuyazuia.

"Umenyamaza? Mi sijamaliza!"

"Siendi popote, mama," nikamwambia. "Nitukane."

Akanitukana. Akaanza na mimi, akaenda kwa walionizaa, akafika kwa aliyetengeneza kompyuta, hakuruka mtu, na katikati ya sentensi simu ikakatika. Salio la Bahati lilikuwa limeisha. Patron alikuwa tayari yuko kwenye ngazi, anashuka mbio kununua jingine.